Koyote akishauawa huko Marekani, ngozi na mzoga huenda wapi? Na ngozi yake yaweza kutengenezwa Mombasa?

Mwana_wa_Kuze

Salaam aleikum jamaa. Video za kuwinda koyote, yule mnyama wa porini wa huko Marekani wa jamii ya mbwa, zimejaa mtandaoni: mtu amelala kwenye theluji, anapuliza filimbi yenye mlio wa sungura aliyeumia, koyote anakuja mbio, risasi moja, video inakatika. Kinachofuata hakionyeshwi. Nyama yaliwa? Ngozi zote zauzwa? Ama wanamwacha pale pale kama paka aliyegongwa na matatu?

La pili ndilo linalonihusu. Kuna jamaa yuko Montana anataka kutuma ngozi moja iliyokaushwa tu, haijatengenezwa, imaliziwe huku. Yawezekana kwa joto hili la Mombasa? Na forodha watasemaje? Anayejua kwa vipimo anisaidie, msinikisie.

Mwamba_Ngoma

Waleikum salaam yakhe. Siku hizi wengi huachwa porini au huzikwa, wachache ndio huchunwa. Miaka kumi nyuma hesabu ilikuwa nyingine.

Kalenda ndiyo huamua kwanza. Majimbo mengi huruhusu koyote awindwe mwaka mzima bila kikomo cha idadi, lakini ngozi ina thamani kuanzia mwisho wa Novemba hadi mapema Februari basi. Kabla ya hapo manyoya hayajakomaa, na ukiigeuza ngozi upande wa nyama utaona ubuluu uliokolea, kwa kuwa mizizi ya nywele bado inakua. Ngozi iliyokomaa huwa nyeupe kama maziwa. Februari wanaanza kupandana na kujisugua, nywele za mapajani na shingoni zinakatika, bei inashuka. Aliyepigwa Julai hana ngozi ya kuuza hata kidogo.

Kisha mahali. Koyote wa Montana, Wyoming, Dakota zote mbili na nyanda za Kanada ana manyoya mazito, marefu, meupe-meupe tumboni. Wa Texas ya kusini ana manyoya mafupi, magumu, mekundu-mekundu. Huyo hata kipupwe kikikolea hana mnunuzi wa maana. Kwa hiyo jamaa wako wa Montana yuko penyewe.

Halafu soko. Kazi kubwa ya manyoya haya ilikuwa kuzungushia kofia za makoti ya baridi, na wakati wa neema ngozi safi iliweza kufika dola 100. Mwaka 2019 nyumba kubwa ya mnada ya Kanada, North American Fur Auctions, ikalemewa na madeni hadi ikaomba ulinzi wa mahakama. Mwaka 2021 kampuni ya makoti ya Canada Goose ikatangaza kwamba mwisho wa mwaka huo inaacha kununua manyoya. California nayo imepiga marufuku kuuza mavazi mapya ya manyoya tangu 2023. Mnada wa North Bay, Ontario, umebaki, lakini ngozi ya wastani sasa hairudishi hata pesa za mafuta ya gari. Ndiyo sababu video inakatika pale.

Kuna sehemu ambako koyote hulipiwa bila kuchunwa. Utah inalipa dola 50 kwa kila mmoja chini ya sheria ya 2012 ya kulinda kulungu wao. Mwindaji hujiandikisha, hurekodi mahali alipomuulia, kisha hupeleka ngozi ya kichwa yenye masikio yote mawili pamoja na taya la chini. Koyote mmoja ana taya moja, basi huwezi kumdai mara mbili. South Carolina wana mtindo wa kuchekesha: koyote wachache huvishwa alama na kuachiwa, na atakayempiga mwenye alama hupata leseni ya kuwinda ya maisha.

Mwana_wa_Kuze

Shukran. Na wale wanaochuna, hufanyaje? Ni kama mbuzi?

Mwamba_Ngoma

La, na hapo ndipo mchinjaji wetu angeharibu. Mbuzi hupasuliwa tumboni toka shingoni hadi mkiani, ngozi ikafunguka kama mkeka. Koyote wa kuuza manyoya hapasuliwi tumbo. Huvuliwa kama soksi.

Anatundikwa miguu ya nyuma juu. Kisu kidogo chenye makali, cha sentimita 7 au 8. Unaanzia kwenye kisigino cha mguu mmoja, unafuata mstari ule ambapo manyoya ya nyuma ya paja yanakutana na yale mepesi ya ndani, unafika chini ya mkundu, unapanda mguu wa pili. Mstari huo ukiukosa, ngozi ikikauka mapaja yanakaa upande na mnunuzi anaona mara moja. Zunguka mkundu bila kugusa tezi mbili za harufu zilizo kando yake. Ukizitoboa chumba kizima kinanuka siku tatu. (Watega mitego huzikata kwa makusudi, wakazisaga na kuziozesha kwa chambo. Mkojo wa kibofu pia huwekwa akiba.)

Mkia: achanisha sentimita 10 za mwanzo, bana mfupa kwa vijiti viwili, vuta kwa nguvu moja. Mfupa unatoka mzima kama wembe kwenye ala. Kisha pasua ngozi ya mkia upande wa chini hadi ncha. Wasioipasua huona mkia umeoza ndani wiki moja baadaye na nywele zinatoka kwa fumba.

Baada ya hapo vuta chini kwa mikono yote miwili. Akiwa bado na joto la mwili, ngozi inateremka yenyewe hadi mabegani. Akishapoa mafuta yanashika, na wengine hulazimika kufunga kamba na kuvuta kwa winchi. Miguu ya mbele huvuliwa kama mkono wa shati na kukatwa kwenye kifundo. Kichwani ndipo pa kupunguza kasi. Masikio hukatwa kwa chini kabisa, pale gegedu linapoungana na fuvu. Machoni kidole huwekwa ndani ya kope kwa upande wa manyoya ili kisu kisipitilize. Midomo huachwa kwenye ngozi, pua pia.

Kosa la kawaida zaidi hata kabla ya kisu: kumwacha koyote nyuma ya gari siku nzima. Hali ya hewa ikiwa ya joto, tumbo linageuka kijani kwa saa chache tu, na nywele za tumboni zinang'oka ukizigusa. Hiyo haina dawa. Risasi nayo ina lake: inayoingia na kubaki ndani huacha tundu la kalamu, ila inayotoka upande wa pili huacha shimo la ngumi, na kushona kwake ni kazi ya nusu saa kwa sindano ya pembe tatu.

Chumvi_ya_Gongoni

Naongezea: mara tu baada ya kuchuna pakaza chumvi nyingi upande wa nyama. Ngozi isipolishwa chumvi haifiki kesho.

Mwamba_Ngoma

Ndugu yangu, hilo ni sawa kwa mbuzi, na ni sawa kwa koyote anayekwenda moja kwa moja kwa mtengenezaji. Kwa anayekwenda kwa mnunuzi wa manyoya ni kosa, ataikataa. Wao wanataka ngozi iliyokaushwa kwa upepo tu, haina chembe ya chumvi. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, ngozi inalegea ghalani na nyingine zote zilizopangwa juu yake zinaota ukungu.

Hufanya hivi. Damu na matope huoshwa kwa maji baridi, ngozi inatikiswa na kutundikwa mbele ya feni mpaka manyoya yakauke. Inavishwa kwenye gogo lililolala mshazari, manyoya ndani, kisha nyama na mafuta vinakwanguliwa kwa kisu cha mikono miwili toka shingoni kuelekea mkiani. Mafuta yakibaki huungua ndani ya ngozi polepole, mahali hapo pakawa kama karatasi ya maandazi. Halafu inawambwa kwenye ubao wa mita moja na nusu hivi, mwembamba upande wa pua na unaopanuka kuelekea chini. Mara ya kwanza nyama nje. Usiku mmoja unatosha: ngozi iwe kavu ukiigusa lakini bado inakunjika. Hapo inavuliwa, inageuzwa manyoya nje, na kuwambwa upya hadi ikauke kabisa, siku tano hadi wiki, kwenye chumba cha nyuzi 10 hadi 18. Ukichelewa kuigeuza inapasuka shingoni. Kitambaa chenye maji dakika 20 pale palipokakamaa huiokoa. Koyote huuzwa manyoya nje, tofauti na rakuni anayeuzwa ngozi nje.

Daktari_wa_Mifugo_Likoni

Kabla hamjaendelea na visu, glavu. Koyote ni jamii ya mbwa na anabeba vya mbwa.

Wa kwanza ni tegu wadogo wa Ekinokokasi. Wanakaa kwenye utumbo, mayai yao yanatoka na kinyesi na kunata kwenye manyoya ya nyuma, pale pale mchunaji anapoanzia. Yakiingia mdomoni mwa mtu hujenga uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, na huchukua miaka kujitokeza. Wakenya tusilione geni hili: Turkana ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika sana duniani na ndugu wa tegu huyo, kupitia mbwa wa nyumbani. Kwa hiyo glavu, hakuna kula wala kuvuta sigara kazini, na ubao unaoshwa kwa maji yanayochemka. Mayai hayo hayafi kwa dawa nyingi za kuua vijidudu, hufa kwa joto.

Pili ni ukurutu. Koyote mwenye mkia kama wa panya, ngozi nyeusi yenye magamba na harufu nzito, haguswi. Ngozi yake haina kazi, na wadudu wake huhamia kwa mbwa wa mwindaji. Mwenye afya naye ana viroboto na kupe, ambao hushuka mwili ukipoa na kutafuta damu yenye joto. Wachunaji humfunga kwenye mfuko mkubwa wa plastiki na kupuliza dawa ya wadudu kwa muda kabla ya kumleta ndani. Tatu, kichaa cha mbwa: aliyekuwa anapepesuka au aliyekuja mchana bila woga hafunguliwi kichwa.

Nyama: wapo wanaoila, wachache mno. Ina hatari ya trikinela, vile vinyoo vya misuli, hivyo ipikwe hadi katikati ifike nyuzi 74. Kuigandisha hakutoshi, kuna aina za kaskazini zinazostahimili barafu.

Mzoga uliochunwa hupelekwa jaa la kaunti linalopokea wanyama, au huzikwa kina cha zaidi ya nusu mita mbali na kisima, au huachwa mbali na njia kwa ruhusa ya mwenye shamba. Kuutupa kando ya barabara ni kosa la kutupa taka, na faini ipo. Wengine huutumia kama chambo cha koyote wengine. Tatizo la kuuacha ni risasi ya madini ya risasi: hupasuka vipande vidogo mno ndani ya nyama, tai wanaokula mzoga wanakufa kwa sumu. California imelazimisha risasi zisizo na madini hayo kwa uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019, sababu kubwa ikiwa ni kondori, tumbusi wao mkubwa aliyekaribia kutoweka.

Saumu_wa_Tudor

Samahanini, mie sielewi. Hawali, ngozi hainunuliwi, sasa wamuulia nini?

Daktari_wa_Mifugo_Likoni

Dada Saumu, sababu kubwa inayotajwa ni wana-kondoo na ndama, na pili watoto wa kulungu. Idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia wanyama waharibifu yenyewe iliua zaidi ya koyote 60,000 mwaka 2019, mbali na wa wawindaji binafsi. Kama inasaidia ni ubishi mwingine: wakipunguzwa, waliobaki hupata chakula zaidi, majike machanga huanza kuzaa mapema na watoto wanaoishi huongezeka. Kuua wachache kila mwezi hakupunguzi kitu. Kumwondoa yule mmoja aliyezoea zizi fulani, hasa kabla kondoo hawajazaa, kunasaidia. Wengine huua kwa michezo tu, kuna na mashindano, na majimbo kama Vermont, New Mexico na Colorado yameyapiga marufuku.

Wakala_Kilindini

Nirudi kwa swali la ngozi kuja huku, maana hapa ndipo watu huumia.

Koyote hayumo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, hivyo kibali cha CITES hakihitajiki. Hilo lisikudanganye. Kutoka Marekani kuna tamko la kusafirisha mnyamapori, fomu 3-177 ya idara yao ya samaki na wanyamapori. Kuingia Kenya, ngozi mbichi ni bidhaa ya mnyama: inahitaji kibali cha kuingiza kutoka Kurugenzi ya Huduma za Mifugo na cheti cha afya kutoka kwa daktari wa serikali ya huko. Juu ya hapo Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kuingiza sehemu ya mnyamapori bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Vibali vyote vitangulie, ngozi ifuate. Ukifanya kinyume, mzigo unakaa ghalani na gharama za kuhifadhi zinapita bei ya ngozi mara nyingi.

Fikirieni pia afisa anayefungua kifurushi: anaona ngozi ya kijivu yenye mkia, bila karatasi. Kwake hiyo ni ya bweha mpaka ithibitishwe vinginevyo. Uwindaji Kenya umepigwa marufuku tangu 1977, na bweha wetu, awe mgongo-mweusi au mwenye miraba, hapigwi na raia hata akila mbuzi. Huripotiwa KWS. Kwa hiyo mwenye ngozi aweke nakala za vibali pamoja na ngozi hata baada ya kuipokea.

Maalim_Kibokoni

Kidogo tu kwa aliyeuliza, ikiwa yataka kuvaliwa au kutandikwa penye swala. Kwa madhehebu ya Shafi, ngozi ya mfu ikitengenezwa hutoharika isipokuwa ya mbwa na nguruwe, na nywele zina maneno yake peke yake. Koyote ahesabiwe mbwa au mnyama mwingine wa porini, muulize shekhe wako kabla hujagharimika.

Mwana_wa_Kuze

Ahsante maalim, ni ya ukutani. Sasa tuseme karatasi zimekamilika na ngozi imefika Kuze. Naanzaje?

Mwamba_Ngoma

Anza kwa mbuzi. Baada ya Idi ya kuchinja ngozi zatupwa ovyo mitaani, chukua mbili ujifunzie, kwa sababu hatua mbili za mwanzo ndizo zinazoua ngozi hapa Pwani.

Ya kwanza ni kuloweka. Ngozi kavu lazima irudi laini kabla ya dawa, na bakteria wanaamka pamoja nayo. Maji ya tangi la juu ya paa saa nane mchana ni kama uji. Loweka alfajiri, ongeza barafu ya wauza samaki, weka boraksi gramu 7 kwa lita. Ikague kila saa. Saa tatu hadi tano zatosha ngozi ya koyote. Ikilala humo usiku, asubuhi utavuta unywele na utakuja na wenzake.

Ya pili ni chumvi, kama huna nafasi ya kuendelea siku hiyo hiyo. Hapa ndugu yetu wa Gongoni ana haki. Gramu 350 hadi 400 kwa kila kilo ya ngozi, iliyopondwa, ngozi ilale mshazari maji yatiririke, kesho ikung'ute na utie mpya. Usirudie chumvi iliyotumika.

Chumvi_ya_Gongoni

Kweli kabisa. Chumvi ya bahari ina bakteria wake wanaopenda chumvi kali. Ikirudiwa, ngozi inatoa madoa mekundu kama ya tambuu baada ya wiki mbili, na chini ya doa pameoza tayari. Mpya, kavu, safi.

Mwamba_Ngoma

Naam. Dawa rahisi ya nyumbani ni shabu. Yeyusha gramu 450 za shabu kwenye lita 3.8 za maji. Chombo kingine, lita 1.9 za maji, yeyusha magadi ya kufulia gramu 110 na chumvi gramu 225. Mimina haya ya pili ndani ya shabu pole pole mno huku ukikoroga, litatoa povu. Ukimimina kwa pupa unapata madonge meupe yaliyotuama chini na dawa imekufa. Chota kiasi, changanya na unga wa ngano hadi iwe nzito kama ya kukandikia.

Ngozi uliyokwisha kuikwangua igongomee ubaoni, nyama juu, kivulini. Paka unene wa milimita 3, funika kwa gunia. Kesho kwangua, paka tena. Mara tatu, na ya mwisho ikae siku tatu au nne. Kata kipande kidogo shingoni, palipo pazito: rangi ikiwa moja toka juu hadi chini, dawa imefika. Kukiwa na mstari wa mbichi katikati, paka tena. Suuza kwa maji yenye boraksi, kamua bila kusokota, paka mafuta ikiwa bado ina unyevu kidogo, kisha ivute kwenye ukingo wa ubao huku na huku, nyama ikiwa upande wa ukingo, mpaka iwe nyeupe na ilegee. Hiyo ya kuvuta ni saa kadhaa za mkono na watu wengi hukata tamaa hapo, halafu wanalaumu shabu. Manyoya yasuguliwe kwa unga wa mbao mkavu, yapigwe fimbo upande wa nyuma.

Ngozi ya shabu haipendi maji. Ikilowa sawasawa shabu inatoka na ngozi inarudi mbichi, basi usiitundike ukuta unaovuja masika. Mende wa ngozi nao wapo Mombasa, wale wadogo weusi, na viluwiluwi vyao vyenye nywele hula toka nyuma bila kuonekana. Itoe ukutani kila mwezi, itikise juani dakika chache, angalia masikioni kwanza.

Mwana_wa_Kuze

Na fuvu? Jamaa anasema atalituma pia.

Daktari_wa_Mifugo_Likoni

Litumwe likiwa safi, halafu nalo liandikwe kwenye kibali. Huko amwambie atoe ubongo, alichemshe taratibu bila kutokota, kwa maji yenye sabuni ya vyombo kidogo, abadilishe maji mara mbili tatu, kisha alilaze kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 siku moja au mbili. Asitie jiki. Jiki inaula mfupa, mwaka mmoja baadaye unasagika kama chokaa. Meno ya mbele yatatoka wakati wa kuchemsha, ayaokote ayagundishe.

Mwamba_Ngoma

Na ngozi asiikunje kwenye bahasha. Ikiwa kavu ikikunjwa inavunjika mgongoni, na ule mstari hautatoka hata ukiiloweka. Boksi refu, imenyooka kama ilivyotoka ubaoni, manyoya nje, gazeti kavu ndani yake. Asitie plastiki.